Umechelewa, Mwananchi

Mwananchi wa Kenya ana kipaji kimoja cha ajabu: hukasirika mwezi usiofaa. Tangazo likitoka kwamba bunge la kaunti linakuja kusikiliza maoni ya umma kuhusu bajeti, anavaa shati la Jumapili, anaingia ukumbini, anasaini karatasi ya mahudhurio, ananyang'anyana maikrofoni na mzee wa kijiji, anadai lami kutoka sokoni hadi kwenye dispensari. Anapigiwa makofi. Anapewa soda. Anarudi nyumbani kifua mbele, hajui kwamba amepeleka posa siku ya harusi.

Kwa sababu mambo ya lami yaliisha Februari. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka hazina ya kaunti ifikishe bungeni waraka wa mikakati ya fedha kabla ya Februari 28 kupita. Huo waraka wenye jina la kulaza watoto ndio unaosema afya itapata ngapi, maji ngapi, barabara ngapi. Bunge lina siku 14 za kuujadili na kuupitisha. Mwananchi hayupo, maana nani aache shughuli zake aende kusikiliza "mikakati ya fedha ya muda wa kati"?

Sasa makadirio yenyewe ya bajeti yanaletwa, mwisho Aprili 30, ndipo tunapojaa ukumbini. Na hapo kanuni za 2015 za sheria hiyohiyo zimeshamfunga diwani mikono: bunge likibadilisha fungu la idara, kuongeza au kupunguza, lisizidi asilimia 1 ya kiwango kilichowekwa. Asilimia moja! Tuseme idara ya barabara imepewa Sh800 milioni. Madiwani wote wakipiga kelele hadi hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge, iombe maji, wataongeza Sh8 milioni. Gawa kwa wadi 30. Kila wadi inabaki na kama Sh267,000, na hiyo uifanyie lami hadi dispensari! Kinachobaki ni kuvutana ndani ya fungu lilelile, karavati ya wadi hii ihamishwe kule, na ndiyo maana huwa mnasikia madiwani wamerushiana viti. Hawapigani juu ya bajeti, wanapigana juu ya makombo ya bajeti.

Na usidhani hata Februari ndiyo mwanzo. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe bungeni kufikia Septemba 1, miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Mradi usiomo humo ni mgeni asiyealikwa. Lakini Septemba mzazi anatafuta karo ya muhula wa tatu, atakumbuka mpango gani? Chelewachelewa utakuta mwana si wako. Kwa kaunti utakuta mwana keshaolewa na anakuomba nauli.

Basi tuseme bajeti imepita kufikia Juni 30. Unadhani pesa ipo? Pesa ni hadithi nyingine.

Katiba, kifungu cha 203, inasema kaunti zote 47 kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakipimwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mwaka wa kwanza wa ugatuzi, 2013/14, mgao ulikuwa Sh190 bilioni. 2024/25 ukafika Sh387.4 bilioni, na hapo ni baada ya mabunge mawili ya Nairobi, Bunge la Taifa na Seneti, kuvutana mpaka kamati ya upatanishi ikaitwa, kama wanandoa. Kifungu cha 219 kinaongeza kwamba mgao upelekwe bila kuchelewa isivyo lazima na bila kukatwa. Kuchelewa isivyo lazima! Aliyeandika maneno hayo alijua anaandikia nani. Kila mgao ukichelewa, unaambiwa ilibidi.

Mgao ukifika, unakaa kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti, Benki Kuu, na hautoki mpaka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe. Kaunti inaandika ombi, inaambatisha sheria ya matumizi iliyopitishwa na bunge, inaonyesha inataka kulipa nini. Kikikosekana kiambatisho, ombi linarudi. Halafu gavana anapanda jukwaani kutuambia "Nairobi wametunyima pesa". Wakati mwingine kweli wamenyima. Wakati mwingine fomu yake ndiyo iliyorudishwa na yeye anajua.

Lakini mchezo unaoniudhi kuliko yote ni wa mapato ya ndani: ada za soko, maegesho, leseni za biashara, kodi ya ardhi. Tazama unavyochezwa. Kaunti inatarajia Sh7 bilioni kutoka Nairobi, na madiwani wana miradi ya Sh10 bilioni. Badala ya kupunguza miradi, mtu anachukua kalamu na kuandika kwamba mapato ya ndani yatakuwa Sh3 bilioni. Mwaka uliopita yalikuwa Sh1.5 bilioni. Yataongezekaje maradufu? Mama mboga ataanza kulipa ada mara mbili kwa siku? Hakuna anayeuliza, kwa sababu kila diwani mradi wake umesimama juu ya hizo bilioni za kufikirika. Kandarasi zinasainiwa, mwanakandarasi anakopa saruji, anamwaga zege, anapiga picha na gavana. Mwaka ukiisha Sh1.5 bilioni hazikuonekana. Mwanakandarasi anaambiwa subiri. Hayo ndiyo madeni yaliyolimbikizwa mnayoyasikia kwenye taarifa ya habari: hayakuzaliwa na wizi pekee, mengine yalipitishwa bungeni kwa kura ya ndiyo, mchana kweupe.

Na dawa ipo, tena ya bure, ila haina soda. Hazina ya kaunti inatakiwa ipeleke bungeni ripoti ya matumizi ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo mwaka. Robo ya kwanza inaisha Septemba 30, ripoti iwe mezani kufikia mwisho wa Oktoba. Msimamizi wa Bajeti naye hutoa yake ya kaunti zote. Usisome kurasa zote, utaugua. Tafuta jedwali lenye safu tatu: kilichoidhinishwa, kilichotolewa, kilichotumika. Kilichoidhinishwa kikiwa kikubwa na kilichotolewa kidogo, pesa haikuja au mapato ya ndani yalikuwa ndoto. Kilichotolewa kikiwa kikubwa na kilichotumika kidogo, pesa imelala na tatizo liko hapohapo nyumbani. Kisha teremsha kidole hadi mstari wa maendeleo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende huko. Ukikuta robo ya pili imeisha, safari za ndani na nje zimekula vizuri na maendeleo yako karibu na sifuri, hapo ndipo pa kupiga kelele. Ni Januari. Pesa bado haijatumika, na bado inaweza kuokolewa.

Ila Januari tumechoka na Krismasi.

Halafu inakuja bajeti ya ziada, jina la uongo kuliko yote serikalini. Ya ziada, lakini ndiyo inayopunguza. Lile karavati ulilopigania linaingia humo likiwa hai na kutoka likiwa "limeahirishwa", na fungu lake limekwenda kwenye mstari unaoitwa "gharama nyinginezo za uendeshaji". Hupitishwa haraka, pengine Juni mwaka ukielekea ukingoni, na mfumo wa malipo wa IFMIS unazidiwa na vocha za wiki ya mwisho.

Mwaka ukiisha ndipo ukaguzi uje, kama daktari anayefika matangani. Hesabu zifike kwa Mkaguzi Mkuu kufikia Septemba 30, ripoti yake itoke kufikia Desemba 31, bunge liijadili ndani ya miezi mitatu. Piga hesabu: dhambi ya Julai 2024 inaandikwa kufikia Desemba 2025 na kujadiliwa kufikia Machi 2026. Ndani ya ripoti ni wimbo uleule: malipo yasiyo na vocha, salio la benki lisilolingana na daftari, masurufu yaliyochukuliwa kwa safari na hayakurejeshwa ilhali kanuni inatoa siku 7 za kazi tangu mtu arudi kituoni.

Kamati ya hesabu za umma inamwita afisa mkuu wa idara. Ina nguvu za Mahakama Kuu kumwita shahidi, kumwapisha na kudai karatasi. Anafika na katoni mbili za stakabadhi zilizopatikana usiku wa jana. Mwakilishi wa mkaguzi anasema hakuonyeshwa wakati wa ukaguzi, na ili azihakiki apewe muda. Kikao kinaahirishwa. Kikirudi, afisa mkuu amebadilishwa, mpya anasema kwa unyenyekevu: "Mheshimiwa mwenyekiti, nimehamishiwa idara hii juzi." Diwani aliyetaka kumbana anakumbuka tingatinga la kaunti linatarajiwa wadini kwake wiki ijayo, na swali lake linageuka pongezi. Gavana naye, kwa upande wake, anaitwa na Seneti Nairobi, kuhusu aya zilezile.

Mwishowe kamati inapendekeza fulani achukuliwe hatua, ripoti inapitishwa, ni mwisho wa Machi. Waraka wa mikakati wa mwaka unaofuata ulipita wiki mbili zilizopita, na idara ileile imetengewa pesa zilezile. Karani wa bunge tayari ameagiza soda za Aprili.