Harufu ya Bangi Haitabiri Ulevi Wake

Pale bangi inapouzwa kihalali, utaambiwa: hii ina limonini, itakuchangamsha, ile ina mirsini, itakulaza. Hizo mbili ni kemikali za harufu. Huo ni ukweli nusu. Harufu ipo na kemia yake inajulikana. Kinachokosekana ni hesabu.

Harufu hutengenezwa ndani ya vinyweleo vyenye tezi, vile vinavyong'aa kama chembe za sukari juu ya maua ya mmea jike. Humohumo ndimo zinamotoka THC, kemikali inayolevya, na CBD, nduguye isiyolevya. Sehemu kubwa ya harufu ni terpeni, kemikali za kunukia zinazopatikana kwenye mimea mingi. Zilizo nyepesi zina atomi 10 za kaboni: mirsini, iliyomo pia kwenye mchaichai, limonini ya maganda ya malimau, pinini ya misonobari, linaluli ya lavenda. Zilizo nzito zina kaboni 15, na maarufu kati yake ni kariofilini, ile ya pilipili manga na karafuu. Kwa kawaida ua kavu lililotunzwa vizuri huwa na terpeni zote pamoja kama asilimia 1 hadi 3 ya uzito wake. Ule uvundo wa kicheche ni jambo jingine: mwaka 2021 wanakemia walionyesha kwamba unatokana na misombo ya salfa, tena kwa kiasi kidogo mno. Bangi inaweza kunuka mtaa mzima na bado ikawa na terpeni chache.

Sasa tuhesabu. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha jaribio ambamo watu walivuta mvuke wa miligramu 30 za THC pamoja na miligramu 15 za limonini. Waliripoti wasiwasi mdogo kuliko walipovuta THC peke yake. Ni kazi nzuri, ingawa washiriki walikuwa 20 tu, na mchanganyiko huo waliuvuta 12 kati yao. Lakini chukua ua lenye THC asilimia 20 na limonini asilimia 0.3. Ili upate miligramu 15 za limonini unahitaji gramu 5 za ua, na ndani ya gramu hizo 5 mna miligramu 1,000 za THC. Kwenye jaribio uwiano wa THC kwa limonini ulikuwa 2 kwa 1. Kwenye ua ni kama 67 kwa 1. Anayekuuzia ua hilo kwa jina la jaribio lile anakuuzia kitu kingine kabisa.

Ile kanuni kwamba mirsini ikizidi asilimia 0.5 ua litakulaza naiona dhaifu zaidi. Asilimia hiyo ni miligramu 5 katika gramu nzima, na sehemu yake huungua kabla ya kufika mapafuni. Kariofilini angalau ina ushahidi wa kimaabara: tangu 2008 inajulikana kwamba hushika kipokezi cha CB2, moja ya sehemu za seli ambazo kemikali za bangi hujishikiza. Ila kipokezi hicho kimejaa zaidi kwenye seli za kinga kuliko kwenye ubongo, kwa hiyo usitarajie ilevye.

Majedwali ya joto la kuchemka kwa terpeni nayo yana kosa linalonakiliwa kila mahali. Huandika kwamba kariofilini huchemka kwa nyuzi 119 au 130 za Selsiasi. Namba za namna hiyo ni za shinikizo la hewa lililopunguzwa, ambalo hushusha joto la kuchemka. Kwa shinikizo la kawaida huchemka juu ya nyuzi 250. Pinini ni 156 hivi, mirsini 167, limonini 176, linaluli 198. Wala usidhani terpeni husubiri kuchemka ndipo iondoke. Huyeyuka hewani hata kwenye joto la chumba, kama marashi yaliyoachwa wazi. Ukipandisha joto kupita kiasi, kama wanaovuta nta ya bangi (bangi iliyokamuliwa na kukolezwa) juu ya chuma chekundu, terpeni huvunjika na kutoa benzini, kemikali inayosababisha saratani.

Ndiyo maana pua naiamini kwa kazi moja: kupima utunzaji. Kausha maua gizani kwa nyuzi 15 hadi 18, unyevu wa hewa asilimia 55 hadi 60, siku 10 hadi 14. Ukiharakisha kwa feni ya moto, terpeni nyepesi hukimbia kwanza. Kisha weka kwenye chupa ya kioo inayofunga sawasawa, unyevu wa ndani asilimia 58 hadi 62. Ukipita 65 unakaribisha ukungu. Ua likizeeka, ndimu na msonobari hufifia, ikabaki harufu ya pilipili au ya majani makavu.

Kwenye cheti cha maabara, kariofilini ikiongoza huku mirsini na limonini zikikaribia sifuri, huenda ua ni la zamani, japo zipo aina ambazo kariofilini huongoza tangu shambani. Tazama basi tarehe ya kipimo. Kama sampuli ilipimwa miezi 6 kabla ya wewe kufungua chupa, zile asilimia za terpeni ni za ua lililokuwapo wakati ule.