Ukisifiwa, "asante" peke yake haitoshi

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, mnunuzi huchota dagaa kwa kiganja, akawachekecha kidogo, kisha akasema, "Dagaa wako wasafi, hawana mchanga." Muuzaji mzoefu hasemi "asante" akanyamaza. Anasema, "Hawa wameanikwa kwenye chanja, hawajagusa chini. Nikupimie sado ngapi?"

Jibu hilo fupi limebeba kazi tatu. Amekubali sifa. Ameitoa kwake akaipeleka kwenye chanja, asionekane anajivuna. Tena ameichukua sifa kama dalili kwamba mtu anataka kununua, akaiwahi kabla haijapoa.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin alifafanua jambo hili katika mihadhara yake ya mwaka 1955 huko Harvard: kusema ni kutenda. Mwaka 1978 mtafiti Mmarekani Anita Pomerantz, akichunguza mazungumzo ya Kiingereza, alionyesha mahali msifiwa anapobanwa. Akikataa sifa, anampinga mwenzake. Akiikubali yote, anajisifu. Wamarekani wana njia zao za kujinasua, nasi tuna zetu. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaofundishwa siku hizi kwamba ukisifiwa jibu "asante" na uishie hapo. Kazini, bosi akikupongeza mbele ya wenzako, sawa, ongeza tu mliosaidiana nao. Kwingine, asante kavu inafunga mazungumzo.

Kujishusha nako kuna kipimo. Mtu anasema, "Umependeza!" unajibu, "Aa, limtumba lenyewe hili, limechakaa." Sasa umemtwisha kazi ya kukubishia, na umemwambia hajui kizuri. Mara moja anavumilia; ukirudia, hakusifu tena. Mtumba huohuo unaweza kuutaja vizuri: "Asante, nililipata soko la Mlango Mmoja, yapo mengine." Hapo umepunguza makuu na umempa kitu cha kwenda nacho.

Kwa mtoto mchanga uwe mwangalifu zaidi. "Mtoto kanenepa jamani!" hujibiwa "Tunamshukuru Mungu." Mama akijibu "asante" tu, wazee wataona amejitwalia sifa isiyo yake, na wapo wanaohofia kijicho. Msifu naye amsaidie: aanze na "Mashallah" au "Mungu amkuze", ndipo ataje unene.

Mezani, tazama sahani kabla ya kujibu. Mgeni akisema, "Mama, mchuzi wa sato mtamu huu," na bado anakula, "Karibu sana baba" inatosha. Akisema hivyo sahani ikiwa tupu, huenda anaomba kwa heshima, kwa hiyo sema "Ongeza basi" upawa ukiwa tayari mkononi. Ukijibu "asante" ukabaki umekaa, atanawa mikono na njaa yake, maana hawezi kuomba mara ya pili. Aliyeshiba kweli ataziba sahani kwa kiganja, "Nimeshiba mama, Mungu akubariki," ndipo upawa urudi sufuriani.