Kapteni Kokeril, Bibi Asia na Kilo Moja ya Dhahabu

Mtu wa huku kwetu akirithi bunduki haulizi kama inalia. Anauliza ilikuwa ya mzungu gani. Kati ya Mtama na Nyangao kila chuma cha zamani, kiwe kengele, kiwe kipande cha reli, kiwe sufuria nzito, kimetoka kwa Mjerumani, na Mjerumani huyo hakuondoka bila kuzika kitu.

Hamisi alirithi shotigani ya mjomba wake, kama ilivyo desturi yetu mpwa kubeba vya mjomba. Ni ya mitutu miwili iliyolala sambamba, nyundo zake mbili ziko nje, na kitako kimefungwa waya pale kilipopasuka. Hadithi ya ukoo inasema babu mkubwa aliiokota Mahiwa, Oktoba 1917, katika zile siku nne ambazo askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na majeshi ya Mwingereza walimalizana vibaya. Afisa wa Kijerumani alianguka, babu akaokota. Hakuna aliyewahi kuuliza afisa yule alikwenda vitani kufanya nini na bunduki ya kupigia kanga.

Mimi niliitwa kwa sababu ni bwana nyama mstaafu, na bunduki za mitutu miwili nimezishika sana enzi za kufukuza nguruwe na ngedere mashambani. Nilikuta silaha imelazwa juu ya mkeka, imezungukwa na mashemeji, na pembeni yake kuna daftari. Bunduki haikunitisha. Daftari ndilo lililonitisha.

"Mzee," Hamisi akaniambia, "maandishi tumeshayasoma wenyewe. Wewe thibitisha tu."

Nikamwambia daftari lisubiri. Bunduki ya marehemu ina risasi mpaka uione haina. Unaielekeza mahali pasipo na mtu, unasukuma wenzo wa juu kulia, mitutu inainama, unachungulia chemba zote mbili, pale risasi zinapolala, kisha mitutu yenyewe kutoka nyuma mpaka mdomoni. Wenzo ukigoma usiupige nyundo. Mimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo kwenye maungio, uiache ilale. Huu haukugoma. Mtutu wa kushoto ulikuwa mweupe hadi mwisho, wa kulia giza tupu. Shemeji mmoja akanong'ona kwamba ni hirizi ya Mjerumani. Nikasukuma kwa ufito wa mwanzi, ukatoka udongo wa nyigu na viwavi wakavu. Hirizi au nyigu, mtu angefyatua hapo mtutu ungevimba au kupasuka, kwa sababu marisaa, vile vigololi vya ndani ya risasi, yanakuja kwa kasi, yanakutana na kizibo, na moshi ulio nyuma yao hauna pa kutokea ila ubavuni.

Kisha nikavua kibao cha mbele, nikakunja mitutu na kuichomoa kwenye pini ya bawaba. Jina la juu, kwenye ule utepe wa chuma unaounganisha mitutu, watu wote huliona. Habari zenyewe ziko chini, kwenye bapa la matako ya mitutu, ambako jua na mikono havifiki. Hapo ndipo niligundua kuwa Hamisi amefika kabla yangu, tena na msasa. Bapa liling'aa kama sahani ya harusi, na alama nyingine zilibaki nusu.

Msasa ni adui. Brashi ya waya ni adui. Kinachotakiwa ni kitambaa chenye mafuta ya taa na mswaki uliochoka. Ukimaliza, sugua chaki nyeupe juu ya alama, pangusa kwa kidole ili unga ubaki ndani ya mikwaruzo, halafu mulika tochi kutoka ubavuni, siyo kutoka juu. Herufi inayoonekana imekufa inafufuka. Nikafanya hivyo, mashemeji wakashusha vichwa, na Hamisi akafungua daftari.

Juu ya utepe paliandikwa ACIER COCKERILL. Wao walisoma "Asia Kokeril". Kutokana na maneno hayo mawili ukoo ulikuwa umeshajenga nyumba nzima: Kapteni Kokeril alioa binti wa hapahapa aitwaye Asia, akaandika jina lake kwenye bunduki kwa mapenzi. Na kwa kuwa jirani yao mzee kuliko wote ni Bibi Asia, tangu daftari lilipofunguliwa bibi alikuwa akichotewa maji, anapelekewa ming'oko ya kuchemsha, na anaamkiwa shikamoo mpaka na watu wanaodaiwa naye.

"Huyu siyo mtu," nikasema. "Maneno yana maana ya chuma cha pua cha Cockerill. Ni kiwanda cha Seraing, karibu na mji wa Liège, Ubelgiji. Ni kama mfuko ulioandikwa jina la saruji. Haukuambii nani kajenga nyumba."

Hamisi akaandika kitu kwenye daftari. Nilipochungulia aliandika: Kokeril ana kiwanda.

Akaja mtoto mbio kutoka uani. "Wamefika futi tatu!"

"Akina nani?"

Ndipo nikaambiwa kwamba uchimbaji ulishaanza tangu asubuhi. Kwa kawaida mali ya Mjerumani huchimbwa usiku, lakini kwenye bapa kulikuwa na alama ya simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, na ukoo uliamua kwamba simba huyo ndiye mlinzi, kwa hiyo heri mchana kweupe. Matokeo yake kijiji kizima kilikuwa kimekaa chini ya mwembe kikiangalia.

Nikaharakisha kusoma. Simba mwenye herufi PV chini yake ni alama ya Liège kwamba mitutu imejaribiwa kwa baruti kali isiyo na moshi. Yai lenye taji juu, ndani yake ELG na nyota, ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège. Nyumba hiyo ipo tangu 1672, na taji limeongezwa juu ya yai tangu 1893. Kila bunduki iliyopita pale inao, ya tajiri na ya maskini. Siyo jina la fundi wala la afisa. Ingekuwa ya Mjerumani wa enzi zile, tungeona taji juu ya herufi kama B, U, S na W, kwa sheria yao ya 1891.

"Na huu mnazi?" akauliza shemeji.

Haukuwa mnazi. Ni nguzo iliyosimama juu ya ngazi, nembo ya mji wa Liège, na wakaguzi wa pale huigonga kwenye chuma walichokikubali. Lakini nakiri kwa macho ya mtu wa kusini ngazi zile ni mizizi na kichwa kile ni makuti. Kwa hiyo walianzia kwenye mnazi wa uani. Chini ya mnazi palikuwa na 18.4, nao wakapima hatua 18 na futi 4. Kumbe ni kipenyo cha mtutu kwa milimita. Mtutu wa kushoto ulikuwa na namba ya pili, 17.4, maana mdomo wake umebanwa milimita moja ili marisaa yasitawanyike upesi. Wao walidhani Mjerumani alijisahihisha.

Mtoto akarudi. "Udongo umekuwa laini! Wanasema mtu alishachimba hapa zamani!"

Mashemeji wote wakasimama. Nami nikabaki na msambamba, ule mchoro wa pembe nne uliolala, ndani yake 12, C na 65. Kwenye daftari: masanduku 12, C ni Chini, inchi 65. Nikaanza kueleza kwamba 12 ni geji. Maana yake, ukifinyanga madini ya risasi kuwa magololi yanayojaza mtutu kamili, 12 kati ya hayo yatafika ratili moja, yaani gramu 454 hivi. Na 65 ni urefu wa chemba kwa milimita. Hapa nilitaka wanisikilize kuliko pengine pote, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Risasi nyingi za dukani leo ni za 70. Inaingia vizuri kwenye chemba ya 65 bila kulalamika, kwa kuwa urefu ule hupimwa ganda likiwa limeshafunguka. Ukifyatua, mdomo wa ganda unafungukia kwenye shingo ya mtutu badala ya kwenye chemba, njia inakuwa finyu, shinikizo linapanda, na chuma cha umri huu hakina ahadi na mtu.

Nilimwambia nani? Mkeka ulibaki na mimi, bunduki, na Hamisi aliyekuwa mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Mzee, wanasema kuna harufu. Mjerumani aliweka dawa."

Hapo nikauliza swali nililopaswa kuulizwa mimi: hatua 18 na futi 4 kutoka mnazini zinaangukia wapi? Zinaangukia kwa Bibi Asia, katikati ya mipapai yake. Na mtu yeyote aliyekulia kijijini anajua mipapai minono kiasi kile huota juu ya nini.

Tulipofika, shemeji mkubwa alikuwa ameshazama mpaka kiunoni. Choo cha zamani cha Bibi Asia, kilichofukiwa na kupandwa mipapai, kilikuwa kimempokea bila fujo. Aliinua mikono miwili juu na bado alishikilia sululu, maana mali ni mali. Vijana wawili wakamtupia kamba ya mbuzi. Mpapai mmoja ukaanguka, ukafuatwa na wa pili.

Bibi Asia alikuwa kibarazani na ming'oko yake. Hamisi akamwambia kwa heshima, "Bibi, si tulikuuliza hapa chini kuna kitu?"

"Nikawajibu kipo, lakini hamkitaki. Mkasema ninakificha."

Hayo yangetosha, lakini ukoo ulikuwa na ushahidi wa mwisho. Kwenye mtutu paliandikwa 1K412. Kilo 1 na gramu 412, na hakuna kitu kinachopimwa hivyo ila dhahabu. Nikaona maneno hayatasaidia. Tukaibeba mitutu peke yake, bila kitako wala kibao, hadi dukani kwenye mizani ya dijitali ya sukari. Mizani ikasoma kilo 1 na gramu 390.

Kimya. Shemeji aliyetoka shimoni, ambaye alitakiwa asimame nje ya duka, akapaza sauti kutoka huko: "Gramu 22 kachukua nani?"

Nikawaonyesha Hamisi. Liège baada ya Vita Kuu ya Kwanza walianza kugonga uzito wa mitutu siku ya majaribio, ili mtu akija kuikwangua baadaye mizani imsute. Sehemu ya gramu zile ililiwa na kutu miaka yote hii, na sehemu ilibaki kwenye msasa. Kwa sababu hiyohiyo nikaining'iniza mitutu kwa kamba, nikaigonga kwa ukucha. Ukilia mlio mrefu unaojivuta, madini ya risasi yaliyounganisha utepe bado yameshika. Huu ulilia "kop". Utepe umeachia mahali, maji yanaingia chini yake, na kutu inakula kutoka upande usiouona. Mtutu wa hivyo haupigwi kanga wala mwizi.

Ilibaki herufi moja ndogo ambayo msasa uliiruka, "e" ya mwandiko wa mkono. Nyumba ya Liège ilianza kuweka herufi ya mwaka 1922, ikianza na a. Hesabuni: 1922, 23, 24, 25, 26. Bunduki hii ilijaribiwa 1926, miaka tisa baada ya Mahiwa, Mwingereza akiwa ameshakaa Lindi na kutoza kodi. Afisa wa Kijerumani angeweza kuwa shujaa wa kila aina, ila kuangusha bunduki ambayo haijatengenezwa ni shughuli.

Walionyong'onyea zaidi ni wazee. Mmoja akaniuliza kama e haiwezi kuwa ya "Emin", yule Mjerumani aliyeitwa Emin Pasha. Nikasema haiwezi. Fundi mwenyewe hakugonga jina, wala si ajabu. Liège kazi ilikatwa vipande majumbani, huyu mitutu, yule vyuma vya kufyatulia, mwingine kitako, na bunduki nyingi zilisafirishwa bila jina ili mwuzaji aweke lake. Mji, chuma na mwaka tumepata, na kwa bunduki ya daraja hili huo ni mzigo wa kutosha.

Likabaki jambo la sheria, nalo halina hadithi. Mali hurithiwa, leseni ya silaha hairithiwi. Mwenye leseni akifa, silaha inapelekwa polisi, na mrithi akiitaka anaomba leseni kwa jina lake, chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015. Kukaa nayo uvunguni ukisubiri arobaini ni kujitafutia kesi. Kwa hiyo tulikwenda kituoni, mitutu imefungwa mbali na kitako, Hamisi na nyaraka za mjomba, mimi kama shahidi, na Bibi Asia aliyesema hawezi kubaki nyuma jambo likiwa na jina lake.

Askari wa zamu akaigeuza, akasoma juu ya utepe taratibu. "Asia... Kokeril. Nani Asia?"

"Ni mimi, mwanangu," akasema Bibi. "Kokeril ndiye simjui. Ila mkimkamata, ananidai shikamoo, mimi namdai mipapai miwili."