Sikusema Bibi Harusi Ni Tasa

Kabla hamjaendelea kunitumia vikatuni: sikusema bibi harusi ni tasa. Nilisema 91. Rafiki yangu mmoja, ambaye kwa heshima ya mamake simtaji, keshasambaza kuwa nilikimbizwa na mwiko wa biriani kutoka Kibokoni hadi feri ya Likoni. Uongo mtupu. Mwiko ulikuwapo, ila uliishia kwenye kona ya kwanza.

Mwajua nafundisha tuisheni ya hesabu. Basi Jumamosi kwenye walima, ami yake bwana harusi akanivuta kanzu. “Mwalimu, wageni wanaume ni 91. Nataka kila sinia watu sawasawa, asizidi mtu asipungue. Harusi iliyopita kuna sinia lilikuwa na watu wanne na nyama ya wanane, mpaka leo hawaamkiani.”

Swali la vigawo! Nikakunja mikono ya kanzu. Kwa 2? Witiri hiyo, haiingii. Kwa 3? 9 na 1 ni 10, na 10 haiingii kwa 3. Kwa 5? Mwisho wake si 0 wala 5. Imebaki 7 peke yake, maana 10 mara 10 ni 100, ishaizidi 91. Kigawo chochote cha juu ya hapo sharti kiwe na mwenzake wa chini, ambaye ungeshakutana naye. Haya nayaandika ubaoni kila wiki. Lakini 7 haina njia ya mkato nyepesi kama wenziwe, biriani ilikuwa inanukia, na 91, jamani, itazameni, si ina uso wa namba tasa, ile isiyogawanyika? Nikaisamehe 7.

Hapo sasa. Nilikuwa nimesimama pale alipokuwa amekaa aliyesoma dua. Yeye kaondoka, kipaza sauti kakiacha wazi. Mimi nikainua kidole, kama nilivyo darasani, nikasema kwa sauti ya kushiba, “Ami, usijisumbue. Hiyo ni tasa.”

Spika ya upande wa wanawake ikapokea: tasa.

Vigelegele vikakatika. Si kupungua, kukatika, kama umeme. Nami nikadhani ukimya ule ni wa kustaajabia elimu, nikaongeza, “Tasa kabisa! Hata mhangaike nayo usiku kucha, haizai!”

Wataalamu wa sarufi mlio humu, nisaidieni. Nilisema *haizai*, ya namba. Sikusema *hazai*, ya mtu. Irabu moja tu! Lakini spika ile ya kukodi inameza irabu.

Pazia likafunguka. Akatoka somo wa bibi harusi, yule mama anayemfunda, leso kajifunga kiunoni, mwiko mkononi. “Wamnena nani tasa, weye? Mtoto hajatolewa hata ndani!” Nyuma yake mama wa bwana harusi, hasemi kitu, ananitazama kama hesabu isiyotoka.

Nikaanza kueleza, “Shangazi, namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe...” Na papo hapo kijana wa birika la kunawisha, miaka tisa hivi, kofia imempwaya, akasema karibu kabisa na kile kipaza sauti, “Lakini 91 ni saba mara kumi na tatu. Ukitoa 70, yabaki 21.”

Ami akahesabu vigawe vya 7 kwa vidole, polepole, mbele ya watu wote: 7, 14, 21, 28... Kila kidole msumari. Akafika 91. Akanitazama.

Wallahi ningependa iandikwe kwamba Alexander Grothendieck, bingwa wa hisabati wa karne ya 20, husimuliwa kuwa aliombwa mfano wa namba tasa akataja 57, nayo ni 3 mara 19. Ila yeye hakuwa na somo mwenye mwiko.

Mengine mafupi. Nilikimbia, nikarudi, nikaomba radhi, zikapangwa sinia 13 za watu saba saba, nikakalishwa la mwisho kando ya jiko. Sasa mtaani naitwa Tisini na Moja.

Na yule kijana jana kanisimamisha njiani: “Mwalimu, na 119 je, ni tasa?” Nimemwambia nitamjibu baada ya swala. Ya saa ngapi, sikusema.