Tourmalet wanapiga makofi, Kalinzi tunapiga honi

Mwenzangu wa kazini alinichukua kwa gari kwenda kuona Col du Tourmalet, ile njia ya mlimani inayokata Milima ya Pirenei huku kusini mwa Ufaransa. Mbele yetu alikuwepo mzee mwenye mvi anapanda na baiskeli, polepole, anahema. Tulikaa nyuma yake kona baada ya kona, gia ya pili, bila honi. Nikauliza kwa nini hatumpiti. Mwenzangu akajibu kwamba nje ya mji sheria inamtaka amwachie mwenye baiskeli mita moja na nusu, na pale barabara haikuwa na mita hizo. Basi. Hakulalamika wala hakutazama saa. Nyuma yetu kulikuwa na magari mengine, nayo yakasubiri.

Tangu siku ile nina hasira, na nataka niiseme kwa watu wa Kigoma, kwa sababu ninyi barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu mnaijua, na kona za Kalinzi mnazijua.

Baba yangu mdogo aliteremsha ndizi Mwandiga kwa baiskeli tangu sijaanza shule. Mikungu miwili ubavuni, mmoja juu ya keria, imekazwa kwa mipira iliyochanwa kutoka tyubu kuukuu. Fimbo moja imefungwa kwenye usukani ili aweze kuielekeza baiskeli huku anatembea pembeni yake. Kwenye mteremko breki peke yake haikushika mzigo ule, kwa hiyo alikuwa anakandamiza tairi la nyuma kwa soli ya kandambili, mpaka soli inatoa harufu ya kuungua. Kurudi alipanda na chumvi ya Uvinza na dagaa, anasukuma. Siku moja gari la abiria lilimpigia honi kwa nyuma kwenye kona, akaingia mtaroni na mzigo wake wote. Gari halikusimama. Jioni kila aliyekuja kumpa pole alimuuliza swali lile lile: kwa nini hukuwahi kutoka barabarani?

Swali hilo ndilo linaloniuma kuliko gari lenyewe. Kwetu anayekanyaga pedeli ndiye mwenye kosa siku zote. Barabara tumeigawa kwa bei ya chombo, na baiskeli imepangiwa mtaro.

Sasa tazameni Tourmalet. Ni mita 2,115 juu ya usawa wa bahari. Ukianzia kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan unapanda kilomita 17, na kwa wastani kila mita 100 za mwendo zinakuinua zaidi ya mita saba. Kila kilomita kuna kibao cha mwenye baiskeli, kinamwambia umefika kimo gani, kilele kiko mbali kiasi gani, na kilomita inayofuata ina ukali gani. Kibao hicho dereva wa gari hakimhusu. Kimewekwa kwa ajili ya yule anayehema. Juu kabisa kuna sanamu kubwa ya mwendesha baiskeli, kwa heshima ya Octave Lapize, aliyekuwa wa kwanza kileleni mashindano ya Tour de France yalipopita pale mara ya kwanza mwaka 1910. Kabla theluji haijafunga njia sanamu hushushwa, na mwezi wa Juni waendesha baiskeli kwa mamia huisindikiza kuirudisha juu. Yule mzee wetu alipofika kileleni watu wasiomjua walimpigia makofi. Mama mmoja akampa maji. Na mimi nilipiga makofi, kwa moyo wote, maana jasho lake lilikuwa la kweli.

Najua yatakayosemwa. "Umeonja Ulaya, sasa kwenu kunanuka." Hapana. Ningekuwa napadharau nyumbani nisingeumia. Na kuna jambo la Tourmalet ambalo kwetu tumewashinda, sikilizeni. Mwaka 1913 Eugène Christophe alikuwa anateremka mlima huo katika mashindano, uma wa mbele wa baiskeli yake ukavunjika. Kanuni za wakati ule zilikataza mshindani kusaidiwa na mtu yeyote. Akabeba baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 mpaka Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi na kuutengeneza uma mwenyewe, waamuzi wamesimama wanamwangalia. Mikono yake yote ina kazi, kijana mdogo akamvutia mvukuto. Kwa mvukuto ule akapewa adhabu ya kuongezewa dakika kadhaa. Kalinzi jambo hilo lisingewezekana. Watoto wakitoka shule wakakuta mtu anasukuma gunia mlimani, wanaweka mikono nyuma ya mzigo bila kuombwa, wanamsukuma mpaka tambarare. Fundi wa njiani anakuunga cheni, unamlipa ukirudi kutoka sokoni. Ubinadamu huo sijauona kwenye kanuni zao, na najivunia.

Ila Wafaransa wamemwekea Christophe kibao pale alipofua chuma chake, na sanamu kijijini. Sisi ubinadamu wetu unaishia kwa watembea kwa miguu. Mtu huyo huyo aliyesukuma gunia akiwa mtoto, akishika usukani wa fuso anasahau kila kitu.

Mwingine atasema: huyo mzee alikuwa anacheza, baba yako mdogo alikuwa anatafuta unga. Hiyo ndiyo hoja yangu! Anayecheza ameachiwa mita moja na nusu. Je, anayetafuta unga anastahili ngapi? Baiskeli ya mashindano makubwa inaruhusiwa kushuka hadi kilo 6.8. Gunia moja la mkaa, lumbesa, linazidi uzito huo mara nyingi, na linapandishwa kwa baiskeli ya chuma isiyo na gia. Ingekuwa kushindana kwa nguvu, wanaume wa Buhigwe na Kasulu wangepanda Tourmalet na mizigo yao, wangeuza, wangerudi.

Wa tatu ataniambia wenzetu ni matajiri. Kusubiri nyuma ya mtu mpaka kona iishe kunahitaji utajiri gani? Mguu kwenye breki hauombi bajeti. Na anayedai kwamba zama za baiskeli zimepita, sasa ni bodaboda, aende Mwandiga alfajiri ahesabu mikungu inayokuja kwa baiskeli, kisha amuulize mkulima bei ya petroli.

Madereva wa Kigoma, wengi wenu mmekua kwa ndizi na maharage yaliyoteremka kwa baiskeli. Ada zenu zimelipwa na watu mnaowapigia honi leo.

Lami ilipofika Manyovu tulishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini lami iliongeza mwendo wa magari, na mwenye baiskeli anabanwa pembeni vile vile. Barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu mpaka Manyovu, kilomita 260, imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande. Bega pana la lami upande wa kupanda, kwenye milima tu, ndilo ninaloomba, na kila barabara itakayofuata mkoani iwe nalo kwenye michoro. Diwani au mhandisi akija kwenye mkutano wa kijiji, mtu asimame amuulize kabla ya maswali ya fidia kuanza: pale mlimani, mwenye mzigo wa ndizi atapita wapi? Asikubali kukaa mpaka aonyeshwe kwenye mchoro.