Kikosi Kilichoyeyukia Ngamiani

Kabla ya yote: sikuwapika. Huyo rafiki yangu anayewatangazia kwamba nimewachemsha askari wangu, vile visanamu vya kupaka rangi, kwenye sufuria hakuwepo. Waliyeyukia gereji, Ngamiani, mchana kweupe, na aliyetoa amri ni mimi.

Mnanijua kwa kelele za praima, ile rangi ya kwanza inayoshikisha rangi za juu. Osha visanamu kwa mswaki na maji ya sabuni, vikauke. Kopo la praima litikise dakika mbili, puliza sentimita 20 hadi 30, mkono usisimame. Ukisogea karibu mno, rangi inafukia macho na vifungo. Ukikaa mbali mno inakaukia hewani, inatua kama unga wa sembe. Siku ya unyevu usipulize kabisa, na Tanga hii unyevu ndio mwenye nyumba.

Basi kopo likaniishia. Nikapita gereji, nikaona bampa limepigwa praima ya kijivu, laini, nikasema: bampa plastiki, askari plastiki, hao ndugu.

Nikawapanga kumi juu ya ubao, wanane plastiki, wawili chuma. Fundi akachanganya praima na thina, akashika bunduki ya rangi, akasita.

"Kaka, hii plastiki gani?"

Mimi, mbele ya vijana wake: "Wee piga!"

Akapiga mikono mitatu mizito, kama anapaka Fuso. Mwanzo uzuri mtupu, nikatoa simu nirekodi. (Video ipo. Siitumi, msiniombe.) Kisha pua ya nahodha ikang'aa. Ikalegea. Ikazama taratibu mdomoni, kama halua iliyoachwa juani. Upanga ukainama… ukainama… ukalala juu ya kiatu kama bamia la jana. Nikamshika nimwokoe; alama ya kidole gumba ikabaki kifuani mwake, mistari yote. NIDA wakimwona, nimekwisha.

Kompresa ikazimwa. Kijana wa spana akauliza kwa upole, "Hao walikuwa nani?"

Kumbe bampa nyingi ni plastiki iitwayo polipropilini, thina haizisumbui. Askari wangu ni plastiki nyingine, polistirini, na thina inaila hiyo kama chai inavyokula sukari. Kipande cha ile fremu ya plastiki nilikokatia askari kilikuwa mfukoni, tone moja la kujaribia lingetosha. Kilirudi nyumbani kizima.

Nikalipa, nikaondoka. Siku hizi ni praima ya akriliki ya maji, brashi, mikono miwili myembamba, basi. Wale wa chuma wametoka safi hadi inaudhi. Nahodha kabaki gereji, juu ya kompresa. Wateja wakimuulizia, fundi anajibu, "Huyo ni wa Kaka Weepiga."