Mtu wa Usambara katika mji wa ukoo wa Maeda

Kila mwaka, katika Jumapili moja ya majira ya kuchipua, watu wa mtaa wetu hapa Kanazawa, Japani, hutoka mapema na mabeleshi na ndoo kwenda kuzibua mfereji unaopita nyuma ya nyumba zetu. Mwaka wangu wa kwanza mzee jirani alinikabidhi glavu za pamba, akanionyesha namna ya kuchota tope bila kuyatikisa mawe ya ukingoni, na nilipomuuliza kwa nini anayaonea huruma mawe kiasi kile, alinijibu kwamba yaliwekwa enzi za mabwana na kwamba wajibu wetu ni kuyaacha kama tulivyoyakuta. Kwetu Usambara kazi ya namna hiyo huitwa msaragambo, nami nimeifanya tangu utotoni, lakini sikuwahi kumsikia mtu akitaja ni nani aliyeuchimba mfereji tuliokuwa tukiuzibua.

Mabwana aliowataja mzee yule ni ukoo wa Maeda, uliotawala milki ya Kaga kwa karibu miaka 300 na kuufanya mji huu kuwa makao yake. Nimeishi hapa miaka tisa, na kadiri ninavyoisoma historia yao ndivyo ninavyozidi kuifikiria nyumbani. Wajapani waliuondoa utawala wa mabwana kama sisi tulivyouondoa utawala wa machifu, na naamini pande zote mbili zilitenda haki. Tofauti ni kwamba hapa madaraka yalipoondoka, sehemu kubwa ya kazi za mikono na karatasi ilibaki na kupata watunzaji, ilhali kwetu tuliacha vitu hivyo viondoke pamoja na kiti cha enzi.

Kabla ya Wamaeda, nchi ya Kaga haikuwa na bwana wa kawaida. Mwaka 1488 wakulima, makasisi wa vijijini na samurai wadogo, wote wafuasi wa dhehebu la Kibuddha la Ikko, walimwangusha mtawala wao Togashi Masachika, kisha nchi ikawa mikononi mwa jumuiya hizo hadi mwaka 1580, majeshi ya mbabe wa vita Oda Nobunaga yalipowashinda. Mwaka 1583 Maeda Toshiie, mpiganaji wa mkuki kutoka Owari ambaye alikuwa amemtumikia Nobunaga tangu ujana, aliingia kwenye ngome ya Kanazawa baada ya Toyotomi Hideyoshi, aliyeshika nafasi ya Nobunaga, kumwongezea ardhi. Ngome hiyo ilisimama mahali palepale palipokuwa hekalu kuu la waasi. Kila mwezi wa Juni mji huigiza kuingia kwake kwa maandamano makubwa, na mtu aliyevaa deraya hupita juu ya farasi huku watoto wakimpungia mikono.

Utajiri wa milki za Japani ulipimwa kwa mchele, na kipimo chake kiliitwa koku, yaani takriban kilo 150, kiasi kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Kaga ilivuka koku 1,000,000, na hakuna milki nyingine iliyoifikia isipokuwa ardhi ya shogun mwenyewe, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani yote. Utajiri wa namna hiyo ulikuwa hatari. Toshiie alipofariki mwaka 1599, mwanawe Toshinaga alishukiwa kupanga njama dhidi ya Tokugawa Ieyasu, ambaye baadaye alikuwa shogun, na ili kuiokoa nyumba, mama yake Toshinaga, Bi Matsu, alikubali kwenda Edo, mji ambao leo ni Tokyo, awe rehani. Alikaa huko miaka 14, na aliruhusiwa kurudi mwaka 1614 baada ya mwanawe huyo kufa. Baadaye desturi ya rehani ikawa sheria ya nchi nzima: wake na warithi wa mabwana waliishi Edo, na mabwana wenyewe walisafiri kwenda na kurudi kwa zamu. Msafara wa Kaga ulikuwa na maelfu ya watu, na safari ilichukua karibu wiki mbili kwa miguu.

Hapo ndipo busara ya ukoo huu inapoonekana. Bwana wa tatu, Toshitsune, alimwoa binti wa shogun Hidetada, na mwaka 1639 aliigawa milki kwa kuwapa wanawe wawili Toyama na Daishoji, hivyo Kaga yenyewe ikabaki na takriban koku 1,025,000. Wenyeji husimulia mpaka leo kwamba aliachia makusudi nywele za pua zitokeze nje ili wapelelezi wa Edo wampelekee shogun habari za bwana mpumbavu asiyetisha. Iwe kweli au hadithi, sera ilikuwa hiyo: fedha ambazo zingenunua bunduki zilikwenda kwenye vyombo vilivyopakwa laki, yaani utomvu unaong'aa, nguo, tamthilia za Noh na chai. Karakana ya ngome iliyoanza kwa kutengeneza silaha iligeuzwa kuwa mahali pa mafundi wa sanaa. Leo zaidi ya asilimia 90 ya utando wa dhahabu wa Japani hufuliwa Kanazawa, na nimewahi kusimama karibu na fundi akiuhamisha utando huo kwa vijiti vya mwanzi. Aliniomba nizuie pumzi, kwa kuwa pumzi tu ingeukunja.

Lakini kazi ninayoistahi kuliko zote ni ya maji. Mwaka 1631 moto uliiteketeza ngome na sehemu kubwa ya mji, na mwaka uliofuata Toshitsune aliagiza uchimbwe mfereji wa Tatsumi. Itaya Heishiro, mtu wa Komatsu, alisimamia uchimbaji wa zaidi ya kilometa 10, sehemu yake ikipita ndani ya mahandaki ya mlimani, kutoka Mto Sai hadi kwenye kilima kinachoikabili ngome. Kati ya kilima na ngome kulikuwa na bonde. Maji yalishushwa kwa mabomba hadi chini ya bonde kisha yakapanda yenyewe upande wa pili, kwa kuwa chanzo chake kilikuwa juu zaidi. Anayetembelea bustani ya Kenrokuen ataona chemchemi inayoruka bila pampu kwa kanuni hiyohiyo. Mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Usambara, ambako wazee hupima mwinamo wa mfereji kwa jicho na kwa maji yenyewe, haoni muujiza mbele ya kazi ile. Anaona ndugu wa kazi aliyoizoea, aliyebahatika kuandikwa.

Na waliandika hasa. Bwana wa tano, Tsunanori, aliyerithi milki akiwa mtoto mwaka 1645 na kuishi hadi 1724, aliwatuma watu nchi nzima kutafuta vitabu na hati za kale. Msomi Arai Hakuseki anasifiwa kwa kusema kwamba Kaga ndiyo ghala la vitabu la nchi yote. Kinachonigusa zaidi ni jinsi alivyolitendea hekalu la Toji la Kyoto: aliazima hati zao za karne nyingi, akaagiza zinakiliwe na kuorodheshwa, kisha akazirudisha pamoja na masanduku ya mbao karibu 100 aliyoyatengenezesha ili zitunzwe. Mwenye nguvu angeweza kuzichukua. Alibaki na nakala, na wenye hati wakarudishiwa mali yao.

Sisi watu wa Usambara tulikuwa na ukoo wetu, Wakilindi, waliotokana na Mbegha, mwindaji aliyekuja kutoka Nguu na kupendwa kwa kuwaua nguruwe waharibifu na kuwagawia watu nyama. Mfalme wao aliitwa Simba Mwene na makao yake yalikuwa Vuga, ambako Kimweri ye Nyumbai alimpokea mmisionari Krapf mwaka 1848. Tena tunayo bahati ambayo makabila mengi hayana, kwa sababu Abdallah bin Hemedi, aliyewatumikia Wakilindi na kuwajua kwa karibu, aliandika habari zao kwa Kiswahili fasaha, zikachapwa Magila kwa sehemu kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Nimekutana Kanazawa na vijana wa shule wanaoweza kuwataja mabwana wao kwa mfuatano. Nyumbani nimekutana na walimu waliozaliwa Lushoto ambao hawajawahi kukishika kitabu hicho.

Sitaki nieleweke kwamba natamani enzi za mabwana zirudi, hapa au kwetu. Mabwana wa Kaga waliishi kwa jasho la wakulima. Kati ya mwaka 1651 na 1656 Toshitsune alirekebisha kilimo kwa kuwasamehe wakulima madeni, kuwakopesha mchele na kuwazuia samurai wasijikusanyie kodi wenyewe. Yalikuwa mageuzi ya maana, ila kodi ikawekwa kwa kiwango kisichobadilika, na mwaka wa njaa mkulima ndiye aliyeumia. Katika majira ya joto ya mwaka 1858, bei ya mchele ilipopanda kupita kiasi, watu wapatao 2,000 walipanda usiku Mlima Utatsu, unaoikabili ngome, wakalia kwa sauti kwamba wana njaa, wapewe mchele. Watu wa kawaida hawakuruhusiwa kupanda mlima ule, kwa sababu ukiwa juu yake unaitazama ngome kutoka juu. Kilio kilisikika, na mchele ukatolewa. Hata hivyo, watu saba waliohesabiwa kuwa viongozi walikamatwa, na wote walikufa, wengine kwa kukatwa vichwa na wengine gerezani. Sanamu saba za mawe ziko kando ya njia, mbele ya hekalu dogo karibu na mtaa wa Higashi Chaya, kila moja imeshika masuke ya mpunga. Watalii wengi huzipita wakielekea kununua aiskrimu iliyopambwa kwa dhahabu. Naulaumu mji huu kwa hilo: bwana anapewa farasi na siku nzima ya sherehe, na waliolia wanapewa pembe ya barabara.

Hata hivyo, mawe yapo, nami huweza kumpeleka mgeni akayaona. Kwetu, Kimweri alipofariki mwaka 1862 ukoo uligawanyika, Semboja wa Mazinde akapigana na ndugu zake, na watu wa kawaida wakakamatwa na kuuzwa utumwani pwani. Wabondei waliinuka dhidi ya Wakilindi katika uasi uitwao Kiva. Nimewahi kuuliza kama kuna mahali popote palipowekwa alama ya waliokufa au kuuzwa katika miaka ile, na sikupata wa kunionyesha.

Utawala wa Kaga ulikwisha kwa hatua mbili: mwaka 1869 bwana wa mwisho, Yoshiyasu, pamoja na mabwana wengine, alirudisha ardhi na watu kwa mfalme wa Japani, na mwaka 1871 milki zote zikafutwa, mabwana wakaamriwa kuhamia Tokyo. Wapo wanaodhani kwamba Wajapani walikuwa watulivu na wenye heshima wakati huo. Hawakuwa. Samurai walipoteza mishahara, mafundi walipoteza wateja, mji ukapungua watu, na ngome ikageuzwa kambi ya jeshi na kuungua sana mwaka 1881. Lakini mwaka 1874 bustani ya mabwana ilifunguliwa kwa umma, watu waliendelea kuyatumia maji ya mifereji, na vitabu vya Tsunanori vikakabidhiwa baadaye kwa taasisi iliyoanzishwa mwaka 1926, ambayo inavitunza Tokyo hadi leo. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria mwaka 1963. Nchi changa ilihitaji raia walio sawa, na naiunga mkono hatua hiyo hata leo. Ninachokilalamikia ni kwamba hatukujiuliza nani atayachukua madaftari ya mabaraza, nani atakumbuka mipaka ya mifereji na zamu za maji.

Miaka michache iliyopita nilikwenda likizo na kuomba katika ofisi moja ya umma nionyeshwe kumbukumbu za baraza la zamani la eneo letu. Mtumishi alinisikiliza kwa adabu, akanipeleka nyuma ya jengo na kunionyesha kibanda ambacho paa lake lilikuwa limeporomoka upande mmoja. Mchwa walikuwa wamefika kabla yangu. Niliokota jalada moja lililobaki gamba tu. Karatasi za ndani zilikuwa udongo uliosimama kwa umbo la kitabu, na nilipoligusa likaanguka.

Nikiwa katika huzuni hiyo mjomba aliniambia nisimame niende naye. Alinipeleka kwenye mfereji uleule tuliouzibua utotoni, akaanza kutembea kutoka banio la juu kuteremka, na kila tulipofika kwenye kona alitaja jina: huyu ndiye aliyepasua mwamba huu kwa moto na maji, huyu alitoa shamba lake mfereji upite, huyu alikuwa akigawa zamu kabla ya baba yake mjomba. Yalifika majina kumi na moja. Mjomba ana miaka zaidi ya 80, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilikuwa na daftari mfukoni, nikayaandika yote pamoja na kona zake. Tulipofika chini alinyoosha mkono akaliomba, akalipekua polepole, kisha akaniambia, "Mwanangu, andika mara ya pili. Moja nenda nayo huko kwa Wajapani wako, na moja uniachie."